Mwanamke wa Pembeni mwa Ukurasa

Ukifungua komiki ukamwona mtu wa kuchorwa, na juu ya kichwa chake pana kile kiduara chenye maneno anayoyasema, usidhani maneno yale yamejiandika. Zamani, kabla kompyuta hazijaingia katika majumba ya uchapaji, alikuwapo mtu wa kuyaandika kwa mkono, herufi baada ya herufi, kwa kalamu ya kuchovya na wino mweusi. Viduara vile wenyewe waliviita viputo. Na katika jumba moja la uchapaji, barabara ya nyuma ya stesheni, mwandika viputo alikuwa mwanamke ambaye kazini walimwita Mwandiko. Jina lilimganda. Hata alipofikisha miaka sitini na nne, akiwa ameachana na kazi hiyo zamani, majirani bado walimwita Bibi Mwandiko, wengi wao bila kujua jina lilikotoka.

Mwandiko wenyewe aliurithi kwa baba yake. Mzee alikuwa mchora mabango ya maduka, na mabinti zake wawili waliokota herufi miguuni pake kabla hawajaanza shule. Mkubwa ndiye aliyekamata brashi. Mdogo alikamata sindano, akawa muuguzi. Mkubwa alipotimiza miaka ishirini alikwenda kwenye lile jumba la uchapaji na karatasi moja tu mkononi, ambayo juu yake alikuwa ameandika alfabeti nzima bila rula. Mhariri, bwana mmoja mnene aliyetembea na mkasi mfukoni, akachora kiduara kidogo kama kifungo cha shati, akamwambia:

"Humo ndani niandikie 'Simama, mwizi wewe!' Na alama ya mshangao iingie."

Iliingia, na nafasi ikabaki. Jumatatu akaanza kazi.

Komiki yao ilitoka kila mwisho wa mwezi, kurasa ishirini na nne, karatasi nyepesi ya kuchafua vidole. Shujaa wake aliitwa Mpelelezi Kisigino, maana wahalifu wote aliwakamata kwa kutazama visigino vya viatu vyao: kilicholika upande, kilichopigwa msumari mpya, kilichokanyaga rangi mbichi. Hadithi aliitunga mhariri na kuipiga taipu. Picha alizichora mtu mmoja mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ukitaka kumsikia lazima uache kutafuna. Alichora kwenye makadi makubwa, akaacha viputo vitupu, kisha kadi zikahamia meza ya pili. Mwandiko alipiga mistari miwili hafifu ya penseli, akachovya kalamu, akawatia watu maneno mdomoni.

"Maneno yakizidi kiputo, yapunguze," mhariri alikuwa akisema. "Kiputo hakitanuki."

Akawa bingwa wa kupunguza. Akikosea, alikuwa na kichupa cha rangi nyeupe na brashi nyembamba kama unyoya. Alifuta, akasubiri ikauke, akaandika upya juu yake, na msomaji hakujua lolote. Meza yake na ya mchoraji zilikuwa chumba kimoja lakini zimetazama kuta tofauti, kwa hiyo miaka ishirini na mbili wawili hao walifanya kazi wamepeana kisogo. Walisalimiana asubuhi, wakaagana jioni. Katikati ilisikika mikwaruzo ya kalamu mbili, basi.

Halafu karatasi ikapanda bei, wasomaji wakapata mambo mengine ya kutazama, mhariri akaugua moyo, na komiki ikafa kimyakimya. Mwandiko, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika mapema na bila mtoto, akahamia kwa mdogo wake. Akawa anaandika majina kwenye vyeti vya shule na kadi za harusi. Miaka ilikwenda. Siku aliposikia mchoraji amefariki alikwenda mazikoni, akasimama nyuma, akarudi nyumbani akavua viatu, na hakujua alie kwa jina gani, maana hawakuwa ndugu wala marafiki hasa.

Miaka mitatu baada ya mazishi yale, asubuhi moja mlangoni alibisha msichana wa miaka kama thelathini, miwani mikubwa, begi zito begani. Alijitambulisha kuwa ni mchapishaji wa vitabu.

"Shikamoo mama. Nimekutafuta miezi miwili. Mjane wa mchoraji ndiye aliyeniambia kuwa bado upo."

"Marahaba. Nipo. Ingia, mwanangu."

Mchapishaji alifungua begi, akatoa majalada ya kadi za zamani. Mjane alikuwa amezihifadhi kabatini, nyingine zimepata unyevu na wino umepasuka. Alitaka kuzikusanya zile za mwanzo, toleo la kwanza hadi la arobaini, azitoe kama kitabu kimoja. Kompyuta ingeweza kusafisha picha, alisema, lakini herufi zilizopasuka alizitaka zirudishwe na mkono uleule.

"Tunazifanya riwaya ya picha," alisema, macho yaking'aa.

Mdogo mtu, muuguzi mstaafu, alikuwa akikunja nguo palepale sebuleni. Yeye tangu zamani hakuwahi kuziheshimu kazi za dada yake. "Si komiki hizo hizo?" akauliza.

"Hapana, mama mdogo. Komiki ni ile nyembamba. Inatoka, inakatiza mahali patamu, inakuambia itaendelea, unaisoma unaitupa. Riwaya ya picha ni kitabu kamili. Kina mwanzo na mwisho, kina mgongo, kinasimama rafuni. Watu wazima wanakisoma bila haya. Hizi komiki tunaondoa matangazo, barua za wasomaji, vichekesho vya kujazia ukurasa, tunabakiza hadithi yenye maana."

"Kwa hiyo tofauti ni gundi," alisema muuguzi.

Mwandiko alicheka hadi akakohoa. Mchapishaji naye alicheka, lakini kidogo. Kabla hajaondoka aliacha majalada yote, pamoja na sampuli ya sura moja ya katikati jinsi itakavyoonekana kitabuni: karatasi nzito, laini, kurasa za upana mdogo, za kukamatika vizuri mkononi.

Kesho yake Mwandiko alisogeza meza karibu na dirisha. Mkono wake siku hizi ulitikisika kwenye kikombe, lakini ulipoishika kalamu ulitulia, kama vile kalamu ndiyo iliyoushika. Alikaza herufi moja baada ya nyingine. Ilikuwa raha, aseme kweli. Alikutana na vichekesho alivyokuwa amevisahau, na makosa yake ya ujana.

Siku ya tatu ndipo alipomwona mwanamke wa ndoo.

Alikuwa ukingoni kabisa mwa picha, kushoto, nyuma ya umati uliokuwa ukimshangilia Mpelelezi Kisigino. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, ndoo mkononi, amewapa watu kisogo. Miguu yake ilikuwa peku na mchoraji alikuwa amejali kuichora: visigino vimepasuka, ufa kwa ufa. Kilichomshangaza Mwandiko ni kwamba umati mzima ulichorwa harakaharaka, pua na vitone viwili vya macho, lakini mgongo wa mwanamke yule ulikuwa na kila mkunjo wa nguo.

Akafungua toleo lililofuata. Yupo. Kituo cha polisi, na kwenye mlango wa nyuma, ukingoni, mgongo uleule. Akafungua jingine. Sokoni, yupo. Kwenye harusi ya tajiri, yupo, nusu yake imekatwa na mstari wa fremu. Mwandiko aliweka kalamu chini. Akayapanga matoleo sakafuni, akapiga magoti kati yake, akatafuta. Kila toleo alilolifungua alikuwamo mara moja, mara moja tu, ukingoni, na hakuna hata siku moja aliyopewa kiputo.

Miaka ishirini na mbili kadi hizi zilipita chini ya pua yake. Alikuwa akitazama viputo tu.

"Ni mapambo," alisema mdogo wake alipoitwa kuangalia. "Wachoraji wana vijitabia vyao. Inuka hapo chini, magoti yako hayo."

"Mapambo gani yanampa mtu kisogo miaka yote hiyo?"

"Dada, ni karatasi."

Mwandiko alikwenda kuchukua ile sampuli ya kitabu. Akaweka ukurasa wa sampuli juu ya kadi ya asili, picha juu ya picha. Kurasa za kitabu zilikuwa na upana mdogo kuliko za komiki, na ili picha zienee, zilikatwa kingo za kushoto na kulia. Mwanamke wa ndoo hakuwamo. Palipokuwa na mgongo wake pana weupe safi wa pambizo.

Tangu siku ile mambo hayakuwa sawa. Alikuwa benki, kwenye foleni, mchana kweupe, akahisi kwamba upande wake wa kushoto, pale jicho linapoishia, amesimama mtu na ndoo. Aligeuka. Palikuwa na chungu cha maua cha plastiki. Alikuwa akisukwa nywele kwa jirani, akaona kwenye ukingo wa kioo mgongo unapita. "Nani huyo aliyepita?" Jirani akasema hakuna aliyepita, mlango umefungwa. Nyumbani alianza kukaa ubavu wake wa kushoto ukiwa ukutani, mezani, kitandani, hata chooni. Hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Alikuwa mtu wa kuamini kadi, wino na tarehe ya kupeleka kazi. Mdogo wake alimpima shinikizo la damu mara mbili kwa siku na kuandika kwenye daftari, akitikisa kichwa kila mara kwa sababu namba zilikuwa nzuri.

"Kama si damu ni macho," alisema. "Na kama si macho, ni zile takataka unazozisoma."

Jambo moja lilibaki kumsumbua Mwandiko: yule mwanamke alianza lini? Alirudi nyuma, toleo kwa toleo. La ishirini, yupo. La kumi na tano, yupo. La kumi na tatu, hayupo, wala kabla ya hapo. Basi akalifungua la kumi na nne, ambalo alikuwa ameliruka kwa kuwa herufi zake hazikuharibika.

Alikuwa ukurasa wa sita. Mpelelezi anamfukuza mwizi katikati ya watu waliopanga foleni ya maji bombani. Na ukingoni kushoto, mwanamke wa ndoo, lakini safari hii hakuwapa kisogo. Alikuwa ameelekea mbele. Uso mzima, macho mawili yanamtazama msomaji, mdomo wazi. Mtu anayesema kitu. Na juu ya kichwa chake hapakuwa na kitu, ukuta mtupu wa matofali.

Mwandiko alipitisha kidole gumba juu ya yale matofali. Palikuwa panakwaruza. Pamevimba kidogo, kama kovu.

Hapo kumbukumbu ilimjia nzima, na harufu yake. Siku ya mwisho ya kupeleka kazi, mashine inasubiri. Alikuta kwenye kadi kiputo kidogo ambacho hakimo kwenye taipu ya mhariri. Ndani yake mchoraji alikuwa ameandika mwenyewe kwa penseli, maneno mawili. Alidhani ni mzaha. Akamwita mhariri, mhariri akainama, akakunja uso. "Huyu mama hana kazi kwenye hadithi. Anamchanganya msomaji. Futa." Basi akafuta. Alipaka rangi nyeupe juu ya maneno na kiputo chake, ikakauka, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye sifa za ufundi, akachora matofali juu yake, tofali kwa tofali, yakaungana na ya mchoraji kama vile hapakuwahi kuwa na kitu.

Alhamisi ile nakala zilipotoka mashineni, mchoraji alichukua moja, akafungua ukurasa wa sita, akasimama nayo muda mrefu. Kisha akamgeukia, kwa sauti yake ile ya chini.

"Umefuta vizuri, mdogo wangu. Hata alama haionekani."

Naye, Mwandiko, alifurahi. Alidhani amesifiwa.

Alikwenda kwa mjane asubuhi iliyofuata, bila kunywa chai. Mjane alikuwa mama mfupi mwenye magoti mabovu, anaishi peke yake katika vyumba viwili vilivyojaa viti kuliko watu. Mwandiko aliiweka kadi mezani.

"Dada, nisamehe kuja na mikono mitupu. Huyu ni nani?"

Mjane alivaa miwani. Hakuhitaji muda.

"Huyo ni wifi yangu. Dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Mimi sikumkuta." Alivua miwani. "Alikwenda kuteka maji. Pale bombani palikuwa na ukuta mrefu wa ghala, mbovu, kila mtu anajua ni mbovu. Ukaanguka juu ya foleni. Mume wangu alikuwa na miaka kumi na tisa, alifika mbio na watu wengine. Wakaanza kufukua. Lilikuja gari la kuvuta vifusi, injini inanguruma, watu wanapiga kelele, kila mtu anaamuru. Yeye akasikia sauti ya dada yake chini, upande wa kushoto. Inasema, 'Nipo hapa.' Akawaambia. Wakamwambia aondoke njiani, wao wanafukua kulia, ndiko walikoonekana watu wengi. Akawavuta mashati. Wakamsukuma."

"Wakampata?"

"Kesho yake. Kushoto."

Mwandiko aliivuta kadi karibu yake.

"Alizungumza habari hiyo mara moja tu tangu nimjue," mjane aliendelea. "Na mara nyingine moja, miaka mingi baadaye, nilimuuliza kwa nini anamchora kisogo. Akasema, 'Aliongea mara mbili. Mara zote mbili hawakumtaka.' Sikuelewa mara ya pili ni ipi. Nilidhani ni maneno ya wachoraji."

Mwandiko angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Mhariri alikuwa kaburini na mchoraji kaburini, na rangi ile ilikuwa imekauka zaidi ya miaka arobaini. Akapiga moyo konde.

"Mara ya pili ni mimi," alisema. Akasimulia yote, kiputo, mhariri, matofali. Hakutafuta huruma, na mjane hakumpa. Mjane alimtazama mikono.

"Ulikuwa hujui," alisema mwishowe.

"Sikuuliza. Alikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Ningegeuza kiti tu."

Mjane aliinuka kwa shida, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya kahawia. "Haya sikumpa yule binti mchapishaji. Aliyachora mwaka wake wa mwisho. Sikujua ni ya nani. Labda ni ya kwako."

Zilikuwa kadi saba. Mpelelezi hakuwamo wala wahalifu. Mwanamke wa ndoo anatembea kutoka bombani, anashika njia, anapita maduka, anafika nyumbani, anatua ndoo, anakaa. Kadi zote saba ameelekea mbele. Na kila kadi ina kiputo, kikubwa, kizuri, kimechorwa kwa kalamu iliyotulia. Vyote vitupu.

Mchapishaji alipoziona nusura aruke. "Mama! Huu ndio mwisho wa kitabu! Hii ndiyo inaitofautisha riwaya na komiki, mama, hii ndiyo sanaa. Andika maneno. Wewe ndiye uliyemjua."

"Sikumjua."

"Basi tunga. Viputo vitupu msomaji ataona ni kosa la kiwandani."

Alijaribu. Wiki nzima alikaa mbele ya kadi ya kwanza na kalamu imechovywa. Upande wa kushoto wa chumba ulijaa. Hivyo ndivyo alivyomweleza mdogo wake, kwamba ulijaa, kama chumba kinavyojaa mtu akisimama kimya anakungoja umalize. Hakuthubutu kugeuka. Kila sentensi aliyoifikiria ilikuwa sauti ya mhariri, fupi, safi, ya kutosha kiputo. Wino ulikauka kwenye ncha mara tisa. Mara ya kumi aliosha kalamu, akaifuta, akaiweka ndani ya kijaluba chake. Akachukua wembe na kadi ya toleo la kumi na nne.

Kazi ya kukwangua rangi ya zamani haitaki pupa. Ukikaza unachana kadi, ukilegeza hung'oi kitu. Alikwangua tofali moja, akapuliza vumbi, akakwangua la pili. Mdogo wake alikuja kumwita chakula, akaona uso wake, akavuta kiti akakaa, akamshikia taa ya mezani ingawa kulikuwa na mwanga wa kutosha. Baada ya saa tatu ikatokea penseli, kijivu, hafifu, mwandiko wa mtu anayeandika haraka kabla hajabadili nia. Nipo hapa.

Muuguzi aliinamisha kichwa. Alikuwa amesikia wengi wakisema hivyo katika maisha yake ya wodini.

Mwandiko hakuyaandika upya kwa herufi zake nzuri. Alipitisha wino juu ya penseli ileile, kwa mkono wa mchoraji, na kupinda kwake.

Ugomvi na mchapishaji ulichukua siku mbili. Mwandiko alitaka kurasa zote za kitabu zirudishiwe kingo zake. Mchapishaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwonyesha: ukubwa wa karatasi umeshaamuliwa, kurasa mia tisa zimeshapangwa, kiwanda kimeshapewa siku.

"Mama, nakuelewa. Lakini huyu ni mtu wa pembeni. Hadithi haimhitaji."

"Maneno hayo hayo nimeyasikia, mwanangu. Nikayatii."

Mchapishaji alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Wakafika mahali. Ukurasa wa sita wa toleo la kumi na nne utatoka mzima, hata kama itabidi uchapwe kwa ubavu. Zile kadi saba zitakuwa mwisho wa kitabu, na viputo vitabaki kama mwenyewe alivyoviacha. Kurasa nyingine zitakatwa. Mwandiko alisaini, ingawa moyo wake haukuridhika, na hadi leo haujaridhika.

Kitabu kilitoka, kizuri, kizito, kina mgongo. Watu wa magazeti walikisifu. Mmoja aliandika aya nne juu ya ukimya wa zile kurasa saba, na Mwandiko aliposomewa alisema mtu huyo anaonekana hajawahi kunyamazishwa. Siku ya uzinduzi, dukani, walimkalisha kwenye kiti cha mbele, na mwalimu mmoja wa sekondari akasimama kumuuliza swali ambalo yeye binafsi aliona ni la mchapishaji.

"Mama, sisi walimu tunabishana. Wanafunzi wanapenda komiki. Wenzangu wanasema hizo ni kupoteza muda, bora riwaya za picha kama hii. Wewe uliyeziandika, ipi inafaa kusomwa?"

Mchapishaji alitabasamu akisubiri. Mwandiko aliwaza kidogo.

"Riwaya imetulia," alisema. "Imepangwa, imechujwa, inakupeleka mwisho. Mkiwapa watoto hiyo hamtajuta. Lakini komiki inafanywa na mtu anayekimbizwa na tarehe. Mwezi ukiisha lazima atoe. Mtu akikimbizwa hivyo hapati nafasi ya kujificha, kila kilichomo moyoni kinamponyoka pembeni, nyuma ya watu, mahali ambapo hata mhariri hatazami. Mimi nimechelewa kujua. Kwa hiyo wapeni zote mbili. Ila wafundisheni kutazama kingo."

Watu walipiga makofi. Mwalimu aliandika. Mwandiko alitazama kushoto, kwenye rafu za vitabu vya upishi, kisha akatazama chini.

Maana hakuondoka. Watu wakisikia habari hii hutaka kuambiwa kwamba tangu wembe ule mwanamke wa ndoo alipumzika, na Mwandiko akalala usingizi mnono. Haikuwa hivyo. Bado anamwona, pengine mara moja kwa wiki, pengine mara tatu. Daktari wa macho alimpima akamwambia macho yake ni ya kawaida kwa umri wake, akampa dawa ya matone, na matone anaweka asubuhi na jioni kwa sababu mdogo wake anasimama pale kuhakikisha. Kilichobadilika ni kwamba hakai tena ubavu wake umegusa ukuta. Anaacha nafasi.

Jumatatu huenda kwa mjane. Wamebakiwa na matoleo mia mbili na kitu ambayo hayamo kitabuni na ambayo hakuna anayeyataka, na mjane ameamua yapigwe picha yote, na kingo zake, kabla unyevu haujamaliza. Mmoja anashika kadi, mwingine anabonyeza simu. Hawaendi haraka. Kwa siku wanamaliza matoleo manne au matano, na katika kila moja wanamtafuta kwanza, kama watu wanavyotafuta nyumba yao kwenye picha ya mji.

Wiki iliyopita walikawia kwenye toleo moja la miaka ya mwisho, picha ya stesheni, abiria wamejaa hadi kwenye paa. Walimtafuta kushoto, wakamtafuta kulia. Mwandiko akaanza kutokwa jasho.

"Tulia," mjane alisema, akasogeza miwani puani. "Stesheni kubwa hii. Mpe muda."

Wakainama tena wote wawili.